Gari linavuma: ni tairi, beringi au difu? Na ikiwa ni beringi, ufunge ipi

Mvumo wa beringi ya gurudumu huingia kwa hila. Leo unausikia ukifika 80, baada ya muda unausikia kwenye 60, na wewe mwenye gari umeshauzoea, unaongeza redio kidogo maisha yanaendelea. Anayeushtukia ni mtu uliyempa lifti kutoka Usa River: "Kaka, hii gari mbona inaunguruma?" Ndipo unapokwenda gereji, na pesa huanza kupotea hapo hapo, maana jibu la kwanza ni "beringi hiyo, bosi", kabla gurudumu halijanyanyuliwa hata kidogo.

Huenda ni beringi kweli. Lakini tairi lililolika vibaya hutoa sauti inayokaribiana nayo mno, hata fundi mzuri hudanganyika akisikiliza kwa haraka. Kwenye gari linalovuta magurudumu yote manne, difu, yaani gia inayogawa nguvu kwa magurudumu, nayo imo. Kwa hiyo maamuzi ni mawili: kwanza kipi kinavuma, halafu ununue spea gani na nani aifunge. Watu hubishana sana juu ya bei ya spea. Mimi naona hasara kubwa iko kwingine, kwenye kubadilisha kitu kizima na kwenye kufunga kitu kipya kwa nyundo.

Tairi na beringi, ana kwa ana

| Jaribio | Tairi | Beringi |
|---|---|---|
| Lami inapobadilika, kutoka laini kwenda ya kokoto | Sauti inabadilika papo hapo | Inabaki ile ile |
| Ukiyumbisha usukani kidogo kwenye 60 | Haibadiliki sana | Inapanda upande mmoja, inashuka mwingine |
| Ukihamisha matairi ya mbele kwenda nyuma | Sauti inahama nayo | Haihami |
| Ukipapasa uso wa tairi | Meno ya msumeno au vibonde | Tairi limelika sawasawa |
| Mwendo mdogo | "Wu-wu-wu" hata kwenye 30 | Ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuharibika hunyamaza. Ikichakaa sana husaga |

Jaribio la barabarani linataka lami laini na nafasi. Kwa wa Arusha, zile njia nne za kutoka Sakina hadi Tengeru zinatosha, alfajiri, kabla daladala na bodaboda hazijajaa. Kwa wa Moshi, toka nje ya mji uelekee Boma Ng'ombe na njia panda ya KIA. Heshimu vibao vya 50, maana kupigwa tochi kwa sababu ulikuwa unasikiliza beringi ni hasara juu ya hasara. Zima redio, zima feni, pandisha vioo, kisha ongeza mwendo taratibu usikie sauti inaanzia wapi na inakuaje.

Pakiwa peupe na tambarare, ondoa mguu kwenye mafuta na uweke nyutro, injini ikiwa inawaka. Usiizime, kwa sababu usukani utakuwa mzito na breki zitakosa msaada wake, na usilifanye jaribio hili kwenye mteremko. Injini ikishuka hadi mzunguko wake wa kupumzika na mvumo ukaendelea vilevile ukifuata mwendo wa gari, basi injini imetoka kwenye kesi. Kinachovuma kinazunguka pamoja na magurudumu.

Sasa yumbisha usukani kidogo kushoto, kisha kulia, kiasi cha kukwepa kijishimo tu. Gari likikata kulia, uzito unalemea magurudumu ya kushoto. Likikata kushoto, unalemea ya kulia. Kwa hiyo mvumo ukipanda unapokata kulia, mtuhumiwa wa kwanza yuko kushoto. Wengi hukosea upande hapa, wanafikiri gari linalia kule linakoelekea. Kipilefti ni mfano mzuri: kwa kuwa Tanzania tunaendesha kushoto, kila kipilefti unakizunguka ukikata kulia, na beringi za kushoto ndizo zinazobeba mzigo. Mwendo pale ni mdogo, beringi inayoanza tu kuharibika haitasikika. Lakini kama gari linasaga kila ukizunguka kipilefti cha Impala pale Arusha na linatulia ukishanyoosha, anza kukagua kushoto.

Jaribio hili lina mipaka yake. Beringi nyingi za gari ndogo zina safu mbili za gololi ndani ya kipande kimoja, na safu iliyochakaa inaweza kuwa ile inayolemewa gari likikata upande usioutarajia. Isitoshe, sauti husafiri kwenye bodi. Ya nyuma kushoto inaweza kusikika kama iko chini ya kiti cha dereva. Chukua jibu la barabarani kuwa fununu, hukumu itoke kwenye jeki.

Kuhusu matairi, usiangalie kwa macho peke yake. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Likiwa laini upande mmoja na linakwaruza upande wa pili, limelika kwa meno ya msumeno, na tairi la namna hiyo huvuma hata likiwa na kina kirefu cha kutosha. Vibonde vinavyopishana kuzunguka tairi mara nyingi ni kazi ya shokapu iliyochoka au gurudumu lisilo na balansi. Tazama pia namba nne za mwisho za DOT ubavuni: 1419 maana yake lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yanayouzwa kwetu mengi ni ya zamani, mpira umeshakuwa mgumu, na mpira mgumu una kelele. Na kama umefunga tairi za matope zenye meno makubwa, huo mvumo ulilipia mwenyewe. Hakuna beringi itakayouondoa.

Kuhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma, kila moja likibaki upande wake, hugharimu nguvu ya wili spana au pesa ndogo ya mtu wa pancha. Endesha tena barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Sauti ikihamia nyuma au ikabadilika tabia, umeokoa bei ya beringi pamoja na ufundi wake. Ningefanya hili kabla ya kununua chochote, hata kama fundi ameshaapa.

Wengine wanaoweza kulia

Difu hufuata mguu wa mafuta. Ukikanyaga inalia kwa namna moja, ukiachia inalia kwa namna nyingine au inanyamaza. Beringi ya gurudumu haijali kama umekanyaga au umeachia, inajali mwendo na mzigo. Beringi ya kati ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, hutetemesha sakafu katikati ya gari, hasa gari linapoondoka. Sivi jointi, kile kiungo cha shafti ya gurudumu, haivumi, inakatakata: zungusha usukani mpaka mwisho uwanjani, ondoka polepole, usikie "ka-ka-ka-ka".

Kabla hujamtuhumu mkubwa, kagua kile kibati chembamba nyuma ya diski ya breki. Ukitoka barabara ya vumbi, kokoto ikanasa kati ya kibati na diski, gari hupiga kelele ya chuma inayotisha kabisa. Bisibisi na dakika chache zinamaliza kazi. Nalisema kwa sababu ni hitilafu ya bure ambayo watu hulipishwa kama kubwa.

Juu ya jeki

Ardhi iwe ngumu, jiwe au gogo liwekwe kwenye magurudumu yaliyobaki chini, na stendi iwe chini ya chasi. Jeki peke yake usiiamini.

Shika gurudumu juu na chini, sukuma huku unavuta. Ukisikia linagonga, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha rudia. Mchezo ukipotea breki ikishikwa, beringi ndiyo yenye mchezo, kwa sababu breki imeshaifunga diski pamoja na mguu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Mchezo ukibaki, tazama viungo vinavyoushika mguu, yaani boljointi na bushi. Ukishika kushoto na kulia ukapata mchezo ambao juu na chini haupo, anza na tairodi, kile chuma kinachogeuza gurudumu ukizungusha usukani.

Baada ya kipimo hicho mafundi wengi husimama: "Haina mchezo, nzima hiyo." Si kweli. Beringi za kisasa zilizofungwa kabisa zinaweza kuvuma muda mrefu bila mchezo wowote wa kuhisi kwa mkono, kwa kuwa kilichoharibika ni uso wa njia ya gololi na nafasi yenyewe bado haijaongezeka. Kipimo kinachoziumbua ni hiki: weka viganja juu ya springi ya shokapu, vidole mbali na diski, mwenzako azungushe gurudumu kwa mkono. Upande mzima, springi inatulia. Upande mbovu, utahisi mtetemo wa chembechembe ukipanda kwenye chuma, kama mtu anasaga mchele wenye mchanga. Ufanye kushoto, kisha kulia, kisha urudi kushoto, maana bila kulinganisha utajidanganya. Gurudumu linaloendeshwa na shafti huwa zito kidogo kuzungusha kuliko la nyuma lisilovuta. Uzito huo peke yake hauna ubaya.

Kuna mafundi wanaowasha gari likiwa juu ya stendi, wakatia gia na kusikiliza kwa bisibisi ndefu sikioni. Kwa gari linalovuta mbele tu na fundi anayejua anachofanya, njia hiyo inatoa jibu zuri. Kwa gari linalovuta magurudumu manne, kama RAV4 nyingi na baadhi ya Noah, kamwe lisitiwe gia likiwa limenyanyuliwa upande mmoja. Magurudumu yaliyo chini yatavuta na gari litaruka kwenye stendi.

Joto nalo linasaidia. Endesha kama kilomita 20 bila kushika breki sana, simama, sogeza nyuma ya kiganja karibu na kitovu cha kila rimu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko pacha wake, ama beringi inasuguana ama breki imeng'ang'ania. Kuna vipimajoto vya mwanga vinavyofaa kazi hii, ila kile cha kupima paji la uso tulichokizoea wakati wa korona hakifai, kinaishia karibu na joto la mwili.

Naweza kuendelea kuendesha?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na majibu ya mtaani ni mawili tu: "gurudumu litachomoka" au "we endesha tu". Ukweli unategemea hatua.

Mvumo peke yake, bila mchezo, bila joto la ziada, bila kusaga: una nafasi ya kutafuta spea nzuri kwa utulivu, ukizunguka mjini. Singelipeleka gari hilo Dar es Salaam wala kushuka nalo kutoka Marangu likiwa na watu saba. Mchezo unaoonekana, kusaga kwenye mwendo mdogo, au habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, kuwa ya moto: egesha. Kabla gurudumu halijafika mahali pa kuachia, habu inayoyumba husukuma pedi za breki zirudi nyuma, na siku unayohitaji breki ghafla, pedali inazama kwanza. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki ghafla, nayo inaweza kuwaka, kwa kuwa sensa inasoma pete inayozunguka na habu, na pete ikiyumba usomaji unavurugika.

Spea: mpya yenye jina, mpya ya bei ya chini, mtumba, au mguu mzima

Jua kwanza gari lako lina mfumo upi. Gari nyingi ndogo za Toyota zinazovuta mbele zina beringi inayoshindiliwa ndani ya mguu, ule mkono wa chuma unaoshika habu, breki na sehemu ya chini ya shokapu. Nyuma, nyingi zina habu kamili yenye beringi ndani yake, inayofungwa kwa bolti. Hii ya bolti ni ghali zaidi dukani, lakini fundi yeyote makini anaifunga bila mashine. Ya kushindilia ni nafuu dukani, na ubora wake wote unategemea ilivyoingizwa. Ukilinganisha bei, jumlisha spea na ufundi. Ukitazama bei ya dukani tu utachagua vibaya.

Mpya yenye jina: Koyo, NSK na NTN ni za Kijapani na ndizo ambazo viwanda vya Japani hufunga kwenye magari yao, kwa hiyo mara nyingi utakuta mojawapo imeandikwa kwenye beringi unayoitoa. SKF ya Sweden nayo ni ya kuaminika. Tatizo ni kwamba majina hayo hayo ndiyo yanayoghushiwa. Boksi zuri halithibitishi kitu. Tazama beringi yenyewe: maandishi kwenye chuma yawe makali na yaliyonyooka, sili zikae sawa pande zote, isiwe na alama za kugongwa, na namba ya kwenye chuma ifanane na ya kwenye boksi. SKF wana programu ya simu ya kutumia kupiga picha na kuomba uthibitisho. Bei ikiwa chini mno ya wenzake wote wa mtaa huo, hiyo nayo ni alama.

Namba yenyewe inasomeka. Beringi nyingi za gurudumu huanza na DAC: tarakimu mbili za kwanza ni upana wa tundu la ndani kwa milimita, mbili zinazofuata ni upana wa nje. DAC4074 ina tundu la milimita 40 na upana wa nje wa milimita 74, kisha zinafuata namba za unene. Nenda dukani na beringi ya zamani mkononi, au namba yake kwenye simu, usiende na jina la gari tu. "Ya IST" si kipimo.

Mpya isiyo na jina: hii ndiyo inayouzwa sana, na sitasema zote ni takataka. Ziko zinazotembea. Lakini huna namna ya kujua uliyoshika ni ipi, na kazi ya kuifikia ni ile ile: kufungua gurudumu, breki, shafti, boljointi, shokapu, kwenda kwenye presi (mashine ya kushindilia), kurudi, alaimenti. Ikifa mapema unalipa ufundi wote mara ya pili. Tofauti ya bei kati yake na yenye jina mara nyingi ni ndogo kuliko huo ufundi. Kwenye beringi ya kushindilia siichagui. Kwenye habu ya bolti ya nyuma, kwa gari linalotembea mjini tu, ningeweza kuvumilia.

Mtumba peke yake, yaani beringi iliyochomolewa kwenye gari lingine: kataa. Beringi ya kushindilia ikichomolewa, nguvu ya kuitoa hupita kwenye gololi zake, na njia za gololi zinapigwa vibonyeo. Imeumia kabla hujailipia.

Mguu mzima wa mtumba ni kesi nyingine. Umetoka Japani ukiwa umefungwa pamoja, mguu, habu na beringi, hakuna aliyeitenganisha, na fundi anaufunga kwa bolti bila presi. Kwa gari ambalo habu yake imekwaruzika au beringi ilikuwa ikizunguka ndani ya mguu mpaka tundu likapanuka, huo ndio uamuzi wenye akili. Uzungushe kwa mkono pale pale dukani, usikilize, uulinganishe na mwingine. Hakikisha idadi ya stadi, zile bolti za kufungia rimu, kama una tundu la sensa ya ABS, na kama ni wa gari linalovuta gurudumu hilo. Umri wake hutaujua. Hilo unalinunua pamoja nao.

Presi au nyundo

Kama ningekuwa na pesa ya kuboresha kitu kimoja tu, ningeacha jina la beringi na kulipia presi. Beringi bora iliyopigwa nyundo ni mbaya kuliko ya wastani iliyoshindiliwa vizuri.

Sababu iko ndani. Beringi ina pete ya nje, pete ya ndani na gololi katikati. Ukiiingiza kwenye mguu, inayokaza ni pete ya nje, kwa hiyo ndiyo inayopaswa kusukumwa. Ukiingiza habu, inayokaza ni pete ya ndani, kwa hiyo hiyo ndiyo inayopaswa kushikiliwa kutoka upande wa pili. Fundi akisukuma pete isiyo yake, nguvu yote inavuka kupitia gololi, na kila gololi inaacha kijibonyeo kwenye njia yake. Nyundo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kila pigo ni la ghafla na mara nyingi linaingia upande. Gari linatoka gereji kimya, kisha baada ya muda mfupi linaanza kuvuma tena, na lawama inaenda kwa muuza spea.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji ugomvi:

"Fundi, beringi utaiingiza na nini?"

"Nyundo tu bosi, taratibu. Hizi tumezoea."

"Sawa fundi. Nitolee mguu, mimi niupeleke presi, ukirudi unaufunga. Pesa yako ya ufundi iko pale pale."

Ukiondoa hofu ya kupunguziwa malipo, wengi hukubali. Mguu unaingia kwenye kiroba, unapakiwa kwenye bodaboda, unakwenda kwenye karakana yenye presi. Kwa wa Arusha, upande wa Unga Limited kuna kazi nyingi za vyuma. Ukiwa pale simama karibu utazame mambo machache. Habu ikisukumwa itoke, pete moja ya ndani ya beringi ya zamani kwa kawaida hubaki imeng'ang'ania kwenye habu. Inakatwa kwa grainda kiasi, kisha inapasuliwa kwa patasi. Hapa grainda ikipitiliza inachana habu. Pitisha ukucha mahali pete ilipokaa: ukucha ukikwama kwenye mchano, habu hiyo haitaishika beringi mpya vizuri, na ni bora ujue sasa kuliko baadaye. Tundu la mguu lipanguswe liwe safi, lipakwe mafuta membamba kidogo. Klipu inayozuia beringi isitoke irudishwe kwenye mfereji wake. Nimeona miguu inayorudishwa bila klipu kwa maelezo kwamba "imekaza yenyewe".

Kama gari lina ABS inayosoma kutoka kwenye beringi, upande mmoja wa beringi una pete ya sumaku ndani ya sili, na lazima uelekee kwenye sensa. Klipu ya kubania karatasi iliyosogezwa polepole itavutwa kidogo upande huo. Ikiingizwa kinyume, beringi itazunguka vizuri na taa ya ABS itawaka mpaka uifungue yote upya.

Halafu nati ya shafti. Ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha gari lenyewe. Kwenye Toyota nyingi ndogo ni 216 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), lakini fuata kitabu cha gari lako. Bunduki ya upepo haijui kipimo, inapiga tu. Na gari lisishushwe chini, wala kusukumwa, kabla nati haijakazwa, kwa sababu uzito wa gari juu ya beringi ambayo pete zake hazijabanwa pamoja unaweza kuiharibu kabla haijatembea hata mita mia. Kama bolti za shokapu zilifunguliwa, nenda alaimenti. Usipokwenda, tairi litaanza kulika upande na utarudi mwanzo wa makala hii ukisikiliza mvumo wa aina nyingine.

Je, ubadilishe pande zote mbili? Shokapu na pedi, ndiyo, kwa jozi. Beringi, hapana, badilisha iliyokufa. Ile nyingine ikiwa tulivu kwenye springi, iache.

Land Cruiser na gari za safari

Kwa wanaoendesha Land Cruiser za ekseli nzima mbele, hesabu inabadilika kabisa. Kila habu ina beringi mbili za gololi ndefu zilizolala kiupande, zinazofunguliwa, kusafishwa, kutiwa grisi na kukazwa upya. Mvumo au mchezo pale haumaanishi kununua moja kwa moja. Fungua, osha kwa mafuta ya taa, kausha, kagua. Usizikaushe kwa kuzizungusha na upepo wa kompresa: zinazunguka bila mafuta kwa kasi ya hatari na zinaweza kurusha vipande. Uso ukiwa unang'aa sawasawa, tia grisi ya beringi ya gurudumu mpaka ijae katikati ya gololi zote, usiichanganye na ya zamani. Ukiona madoa meusi, vibonyeo au rangi ya bluu ya joto, badilisha beringi pamoja na kikombe chake kilichoshindiliwa ndani ya habu, kamwe isiwe nusu.

Gari linalotoka Karatu, likaingia lango la Loduare la Ngorongoro na kuiacha lami, linapitia matuta ya vumbi mpaka Serengeti, na wakati wa masika linavuka maji. Habu ya moto ikizama kwenye maji baridi hupoa ghafla, hewa ya ndani inajikunja, na sili iliyochoka inavuta maji ndani. Grisi ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia. Hapo uamuzi si beringi ipi bali sili ipi, na sili mpya ni bei ndogo mno kuhangaika na ya zamani.

Ukishafunga, iwe Noah au Land Cruiser, rudi kwenye barabara ile ile uliyopimia mwanzo, mwendo ule ule, vioo juu. Simama baada ya kilomita kama 20, linganisha joto la habu mpya na ya upande wa pili. Nati za rimu zikazwe kwa kipimo, 103 Nm kwa Toyota nyingi ndogo, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.